Nilidhani Karanga Amelala

Hili jambo nimelikalia kimya muda mrefu, na hata sasa nikilisimulia mate yananikauka. Mnyama wa mtoto wangu alikufa kwa joto nyumbani kwangu, nyumba yenye feni tatu na friji, na kwa wiki mbili nzima nilimwacha mume wangu abebe lawama peke yake. Nilikuwa najua kitu ambacho yeye hakukijua. Nilimwona yule mnyama saa tano asubuhi, tayari yuko taabani, nikapita.

Najua wapo watakaosema, "Ah, simbilisi tu! Huko kwenu si mnakaanga?" Ni kweli tunakaanga. Lakini subiri kwanza nikueleze.

Mimi ni mtu wa Iringa. Kule kwetu, na Njombe na Mbeya vilevile, simbilisi ni mnyama wa jikoni. Utawakuta wanazunguka karibu na jiko la kuni, wanaokota maganda na majani, na mtu akiingia na mzigo wa nyasi wanapiga kelele zao za "wiii, wiii" mpaka unacheka. Watoto ndio wanaowatunza, na siku akija mgeni wanageuka kitoweo. Julai 2024 tulikwenda kumsalimia mama yangu. Binti yetu, wakati huo ana miaka saba, alihamia jikoni kwa bibi yake siku nne mfululizo. Tunaondoka, mama akamwekea wawili kwenye boksi lenye matundu, majike wote, ndugu wa tumbo moja.

"Mjukuu wangu, ukifika kawale na baba yako," akasema.

Mtoto alilia mpaka mama akabadilisha kauli, akasema haya, kawafuge.

Mmoja wa kahawia, akaitwa Karanga. Mwingine mweupe mwenye mabaka, akaitwa Kashata. Mume wangu, ambaye ni mtu wa Pwani na hajawahi kumwona simbilisi maishani mwake, aliwatazama kwenye kiti cha nyuma, akasema, "Mke wangu, hawa ni panya wasio na mkia." Jina hilo hakuliacha miezi sita.

Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai hutoki nje bila sweta. Ukishateremka Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni, mnaanza kushusha vioo vya gari. Mimi nilivua sweta langu pale. Wale wawili kwenye boksi walikuwa na manyoya yao tu, na hayo hayavuliwi. Wala halikunijia kichwani.

Jua lilipohama

Tunakaa Tabata, ghorofa ya pili. Fundi alitutengenezea kibanda cha mbao na waya, tukamwaga maranda, tukakiweka kwenye korido. Nikwambie ukweli, harufu ilikuwepo. Si kubwa ukisafisha, lakini mume wangu alikuwa na pua ya mbwa wa polisi. Kila akiwa na wageni alikibeba kibanda akakiweka balkoni, wageni wakiondoka anakirudisha. Julai, Agosti, Septemba, hakuna tatizo. Balkoni yetu inatazama kusini, na upande wa mashariki imezibwa na ukuta. Ilikuwa na kivuli kutwa nzima, na upepo wa kusi unapita kama mtu kakuwashia kiyoyozi cha bure. Wale wanyama walipapenda.

Sasa hapa nataka unielewe vizuri, maana ndipo tulipoanguka. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Katikati ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini wa vichwa vyetu. Kuanzia kama Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, linapita upande wa kusini. Yaani balkoni iliyokuwa na kivuli Julai ndiyo inayopigwa na jua la alasiri Januari. Nimeishi Dar miaka kumi na moja, nimeanika nguo kwenye balkoni hiyo hiyo miaka minne, na nilikuwa najua kabisa kwamba Januari nguo zinakauka haraka kuliko Julai. Kujiuliza kwa nini, hapana.

Na hilo ni jua peke yake. Ongeza hali ya hewa ya Januari na Februari: mchana nyuzi 32 na zaidi, usiku bado 25, na unyevu ule unaofanya kanga ikugande mgongoni kabla hujamaliza kuivaa.

Jumamosi ile ya Januari 2025 mume wangu alikuwa na wenzake wa kazini, wamekuja kuangalia mpira. Saa nne asubuhi kibanda kikaenda balkoni kama kawaida. Kivuli kilikuwepo. Mtoto alikuwa tuisheni, kisha apitie kwa rafiki yake. Mimi nilikuwa na kikao cha harusi ya mdogo wangu saa sita, na kabla ya hapo fundi wa sare alikuwa ananisubiri. Unajua mwanamke akiwa na sare haijamaliziwa anavyokuwa. Saa tano nikatoka balkoni kuanika mashuka mawili ya mwisho.

Karanga alikuwa amejilaza kifudifudi, miguu ya nyuma ameinyoosha kabisa, tumbo limebandwa kwenye mbao. Ubavu unapanda na kushuka mbio mbio. Nikamwita, "Karanga, wiii!" Kila siku nikimwita hivyo anajibu. Hakujibu. Kichwa hakukiinua. Kashata alikuwa amejibana kwenye kona, kando ya bakuli lao la udongo la maji. Nikajisemea moyoni: huyu kashiba, amelala. Nikachukua pochi, nikaondoka.

Ningekuwa simjui mnyama huyu ningejisamehe. Lakini simbilisi halali hivyo mchana mtu akiwa amesimama juu yake na shuka linapepea. Ni mnyama mwoga, kitu kikipita juu yake anakimbilia kujificha. Asipokimbia, ujue kuna jambo. Hilo nilijua tangu nikiwa mtoto.

Nilirudi saa kumi na robo. Wanaume wako sebuleni, pangaboi linazunguka, pazia la balkoni limefungwa ili televisheni ionekane. Nikafungua pazia. Jua lilikuwa limejaa balkoni, na nusu ya kibanda imo ndani yake. Karanga amelala ubavu, mdomo na kidevu vimelowa mate, masikio mekundu kama yamechunwa. Nikapiga kelele. Mume wangu akaja mbio, akamchukua, na kwa nia njema kabisa tukafanya kosa la pili: tukafungua friji, tukammwagia maji ya baridi kali. Akakakamaa, akatupa miguu mara mbili tatu, akafia mikononi mwa mume wangu, mbele ya wageni. Mmoja wao akasema, "Poleni jamani," wakaanza kutafuta viatu vyao.

Kashata alikuwa hai. Analegea, lakini hai.

"Mama, huyu hatoi jasho"

Tulipata daktari wa mifugo mtaa wa tatu, kijana aliyezoea kuku na mbwa. Hakucheka tulipomfungulia boksi, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alimlaza Kashata juu ya taulo lililoloweshwa maji ya bomba ya kawaida, akampangusa masikio na nyayo, akawasha feni ndogo kwa mbali. Alipoanza kuinua kichwa, akalitoa taulo, akamkausha. Huku anafanya kazi, anatueleza.

"Mama, huyu hatoi jasho kama wewe. Wala hapoozi mwili kwa kuhema kama mbwa anavyofanya. Joto likimzidi, hana mlango mkubwa wa kulitolea, kidogo tu kwenye masikio."

Simbilisi, alisema, asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, nchi za Peru, Bolivia na Ecuador, ambako watu wamemfuga maelfu ya miaka. Ni mnyama wa sehemu za juu zenye ubaridi, ndiyo maana Iringa anajiona kwao. Nyuzi 18 mpaka 24 ndizo zinazomfaa. Zikipita 27 anaanza kuingia matatani, na hewa ikiwa na unyevu kama yetu ndiyo mbaya zaidi. Wanaotangulia kuanguka ni wenye mimba, wazee, wanene na wale wenye manyoya marefu. Karanga hakuwa mzee wala hakuwa na mimba. Alikuwa mnene. Tulimlisha sana.

Nikauliza kuhusu maji ya friji. Akaguna kidogo. Maji ya baridi kali, akasema, yanambana mishipa ya ngozi, lile joto linafungiwa ndani, na mshtuko juu yake. Maji ya kawaida yanatosha. Na kamwe usimlazimishe kunywa akiwa amelegea, maana yanaweza kuingia njia ya hewa. Mpe mwenyewe akitaka.

Halafu akasema kitu kilichonikaa kifuani kama jiwe. "Dalili ya kwanza watu wanaikosa. Anajinyoosha chini, anahema haraka, hajali akiitwa. Watu hudhani amelala. Kutoka hapo bado una muda wa kumwokoa. Mate yakishatoka na akaanza kutupa miguu, mara nyingi mmechelewa."

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemweka nje," akasema.

Mimi nikanyamaza.

Wiki mbili

Daktari alituonya kwamba Kashata hajapona. Mnyama aliyepigwa na joto anaweza kuonekana mzima, kisha saa kadhaa baadaye figo au kitu kingine ndani kikagoma. Na simbilisi akikaa siku nzima bila kula, utumbo wake unasimama, hiyo nayo inaua. Kashata hakula jioni ile. Asubuhi pia hakula.

Aliyemlisha ni mume wangu. Alinunua bomba la sindano duka la dawa, akatupa sindano, akawa anasaga nyasi laini na pilipili hoho, maana simbilisi, kama sisi binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Akawa anamtilia kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, kila baada ya saa mbili tatu, mpaka usiku wa manane. Mtu yule aliyewaita panya! Nilimkuta saa tisa usiku amekaa sakafuni bafuni, kwa sababu pale ndipo penye ubaridi, mnyama kamlaza kwenye fulana yake, anambembeleza, "Kula mama, kula." Siku ya tatu Kashata akala jani la tango mwenyewe. Mume wangu akaniamsha kunionyesha.

Ungefikiri mtoto angeona. Aliona, lakini alikuwa na miaka saba, na alikuwa ameshauliza nani alimweka Karanga balkoni akajibiwa. Aliacha kumpokea baba yake mlangoni. Akikaa naye mezani anaangalia sahani. Usiku mmoja tunakula wali, akasema taratibu, bila hata hasira, "Baba ndiye aliyemuua Karanga." Mume wangu akaweka kijiko chini. Hakujitetea. Akanawa mikono, akatoka.

Mwenzangu, hapo ndipo nilipojichukia. Kwa sababu mimi katika zile wiki mbili nilikuwa nimemsaidia mtoto kuamini hivyo. Sikusema uongo hata mmoja. Nilikuwa nikisema tu, "Baba hakujua, mwanangu," kwa sauti ile ambayo sisi wanawake tunaijua, sauti inayosamehe na kushtaki kwa pamoja. Na chumbani nilikuwa na majibu ya mkato. Nilikuwa namkasirikia mume wangu kwa kosa lake ili nisilitazame langu.

Nilimwambia usiku ule. Nilimwambia yote: saa tano, mashuka, ubavu unaopanda na kushuka, jinsi nilivyomwita na hakuitika, jinsi nilivyochukua pochi. Alikaa kimya muda mrefu.

"Kumbe ulimwona," akasema.

"Nilimwona."

"Ungenipigia kelele tu pale sebuleni. Neno moja."

Alilala sebuleni siku mbili. Sikumlaumu. Siku ya tatu asubuhi, kabla ya shule, alikaa na mtoto kitandani, mimi nikakaa upande wa pili, nikamwambia binti yangu kwamba mama alimwona Karanga anaumwa akaenda kushona sare. Alinitazama sana. Akauliza, "Sare ilipendeza?" Sijui kama ilikuwa dharau au swali la kawaida tu. Mpaka leo sijui.

Nyumba yetu sasa hivi

Kitu cha kwanza nilichonunua ni kipimajoto cha bei rahisi. Kiweke sakafuni, ndani ya kibanda, si ukutani unapofika wewe, maana mnyama anaishi chini. Nilipokizungusha nyumba nzima saa nane mchana nilishangaa: balkoni 37, sebule 33, sakafu ya korido ya bafuni 29. Nyumba moja, saa moja! Kibanda kikahamia korido ya bafuni, juu ya marumaru, na hakitoki hapo Novemba mpaka Machi, aje mgeni awe waziri. Kama unakaa nyumba ya bati isiyo na dari, kazi yako ni kubwa zaidi. Tafuta chumba chenye kivuli cha mti, fungua madirisha pande mbili, na saa za mchana mshushe sakafuni kabisa.

Feni nayo ina mtego wake. Sisi inatupooza kwa sababu ina jasho la kukausha. Asiye na jasho, kama chumba kina nyuzi 32, unampulizia hewa ya nyuzi 32. Tunachofanya ni kuloweka kanga kuukuu, tunaikamua, tunaitandika juu ya nusu ya kibanda, feni inapita juu yake kwa mbali bila kumpiga moja kwa moja. Nusu nyingine inabaki wazi ili hewa ipite. Msimu wa unyevu mwingi haisaidii sana, sitakudanganya.

Kinachosaidia ni chupa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ijaze lakini usiifikishe mdomoni, igandishe, ivishe soksi nene, ilaze kwenye kona moja. Mnyama mwenyewe ataifuata akitaka na ataikimbia akichoka. Kashata anaegemea mgongo kama bibi kwenye mkeka. Tuna chupa sita, mbili zinafanya kazi, nne zinasubiri kwenye friza. Kwa nini nne? Umeme ukikatika mchana wa Februari utaelewa. Friza iliyojaa barafu inashikilia ubaridi muda mrefu, ilimradi watu wasifungue fungue.

Maji ya kunywa yako sehemu mbili, yanabadilishwa asubuhi na mchana. Tango kila siku, tikiti kidogo sana kwa sababu ya sukari. Na kwenye gari lililofungwa vioo haachwi hata dakika ya kununua vocha. Dakika kumi tu juani zinaweza kupandisha joto la ndani kwa nyuzi kumi hivi.

Lakini hayo yote, mpenzi msomaji, ni vifaa. Kilichotuponza sisi si kukosa chupa. Watu wawili tulikuwa ndani ya nyumba moja, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia. Sasa kuna saa. Saa nane mchana ni zamu ya aliyeko nyumbani, na kuangalia maana yake ni kumwita mpaka aitike. Kama wote tuko kazini, dada wa kazi anapiga simu. Mume wangu asipopigiwa, anapiga mwenyewe, na watu wa ofisini kwake wameshazoea kumsikia akiuliza, "Amekula? Anahemaje?"

Tatizo lililobaki lilikuwa upweke. Simbilisi ni mnyama wa kundi. Nchini Uswisi sheria yao ya tangu 2008 inataka awe na mwenzake. Kashata alikuwa anakula lakini haimbi. Friji ikifunguliwa, kimya. Mtoto aliomba aletewe mwenzake mara moja, na mimi nilikuwa tayari kumpigia mama siku hiyo hiyo. Mume wangu ndiye aliyekataa. "Februari? Apite Ruaha Mbuyuni na Morogoro kwenye joto hili? Tusubiri Juni." Mama yangu aliposikia kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Mkwe wangu huyo huyo? Mimi nilidhani mmeshawala."

Alikwenda mwenyewe, Juni 2025, na binti yake. Wawili tu, mimi sikualikwa, na sikuuliza. Walitoka Iringa saa tisa usiku ili wafike Dar kabla jua halijakaza, boksi kwenye kiti cha nyuma katikati ya mkanda, chupa moja imefungwa kwenye soksi ya shule. Saa moja asubuhi simu yangu ikaita. Alikuwa mtoto, sauti ya chini kama mtu yuko msikitini.

"Mama, tumepita Mikumi. Baba amesema nisiongee kwa nguvu, wamelala." Akanyamaza kidogo. "Ngoja." Nikamsikia akisema, "Wiii." Nikasikia na jibu.

"Wameamka," akasema.